Vipaza Sauti Vyetu Tuvitengeneze Wenyewe

Siku hizi katika wilaya za Mbulu na Hanang' hapana arusi, hapana mnada, hapana ibada kubwa wala mkutano wa kijiji unaofanyika bila kipaza sauti. Kwaya yataka kusikika mpaka nje ya kanisa. Muuza dawa za mifugo ataka sauti yake ishinde mlio wa ng'ombe. Mwenyekiti wa kijiji ataka mzee aliyeketi chini ya mti wa mwisho asikie sawasawa na kijana aliye mbele. Chombo hiki, ambacho mafundi na vijana hukiita spika, kimekwisha kuwa haja ya kila siku kama jembe na sufuria.

Lakini tukijiuliza nani anayekitengeneza, jibu latufikirisha. Spika zetu karibu zote hutoka ng'ambo. Hupita katika maduka ya Dar es Salaam na Arusha, hupanda malori na mabasi hadi Katesh, Mbulu, Dongobesh na Haydom, na baada ya muda hupasuka zikatupwa nyuma ya nyumba. Fedha iliyozinunua ni ya vitunguu saumu vya Mbulu, ya ngano na mahindi ya Hanang', ya mbuzi na ng'ombe waliouzwa mnadani. Huondoka wilayani safari moja tu, wala hairudi.

Sisi twaona kwamba kazi ya kutengeneza spika kwa mikono yaweza kuanzishwa katika wilaya hizi mbili, na kwa mtaji mdogo. Lakini twasema pia kwamba itasimama kwa masharti mawili: ianzie pale ambapo uwezo wetu upo, yaani katika ukarabati na katika sanduku la mbao, na msingi wake uwe ukweli wa kipimo. Kazi ikikosa sharti la kwanza itakufa kwa deni. Ikikosa la pili itakufa kwa aibu.

Wapo watakaocheka. Watasema, watu wa jembe na mifugo wana nini na mambo ya umeme? Hao twawaomba watazame karibu nao. Kando ya Ziwa Eyasi wapo wahunzi wa Kidatoga ambao hadi leo huyeyusha vitasa na mabomba chakavu ya shaba wakafanya bangili, na hufua misumari wakafanya vyembe vya mishale ambavyo Wahadzabe huwindia. Mivukuto yao ni ya ngozi, na tanuru yao ni shimo dogo lenye makaa. Hawakungoja kiwanda kije. Walitwaa kilichotupwa na wengine, wakakitia ujuzi, wakakiuza. Fundi wa spika hana haja ya kutafuta mwalimu wa mbali zaidi ya hao.

Hata hivyo mifano ya mbali nayo yafaa kutajwa. Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu alitaka ala yake ya likembe isikike katika kelele za mji. Alichonga maikrofoni za mbao, akazitia sumaku zilizotolewa katika magari mabovu, na kundi lake la Konono No. 1 likapata sifa duniani katika miaka ya 2000. Na huko Jamaika, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Hedley Jones, aliyekuwa amejifunza ufundi wa rada katika Jeshi la Anga la Uingereza, alijenga kwa mikono yake amplifaya na spika kubwa za kuchezea muziki uwanjani. Maseremala na mafundi umeme wa Kingston wakafuata njia hiyo, na kazi yao ikawa mzizi wa muziki unaojulikana leo kila mahali. Watu hao hawakuanza na mamilioni. Walianza na haja iliyokuwapo mtaani kwao.

Sasa tuseme spika ni nini, maana mtu hawezi kuanza biashara ya kitu asichokijua. Ndani yake mna sumaku. Mna koili ya waya mwembamba wa shaba iliyozungushwa juu ya mrija mdogo. Na mna koni, mara nyingi ya karatasi, iliyoshikwa na fremu ya chuma kwa ukingo laini na kwa kitambaa chenye mikunjo. Umeme wa amplifaya ukipita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku, koni hutikisika, na hewa hutikisika pamoja nayo. Hiyo ndiyo sauti. Wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza muundo huu mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani hufuata muundo huo huo. Basi si siri ya watu wachache. Ni elimu ya karibu miaka 100 iliyo wazi kwa kila mwenye kutaka.

Katika vipande hivyo, kipo kimoja ambacho hatuwezi kukitengeneza kijijini, nacho ni sumaku. Sumaku za kawaida za spika hufanywa kwa unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na bariamu au strontiamu, ukashindiliwa na kuokwa katika tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Kazi hiyo yataka kiwanda. Lakini sumaku haizeeki upesi. Spika iliyoungua koili au iliyochanika koni huwa na sumaku nzima kabisa. Marundo ya spika zilizokufa katika karakana za mafundi redio ni ghala ya mali, ila wengi wetu huiita takataka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya fundi iwe ukarabati. Aanze kwa kubadili koni zilizochanika, kuunga nyaya zilizokatika na kusokota koili mpya. Vifaa vyake ni chuma cha kulehemu, kipima umeme, gundi nzuri, wembe, waya wa shaba na mikono iliyotulia. Ajifunze kupima kabla ya kufungua: koili ya omu 8 huonyesha katika kipimo omu zipatazo 6, na ile ya omu 4 huonyesha zaidi kidogo ya 3, isipoonyesha kitu, waya umekatika. Ajifunze kugusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa muda mfupi sana ili aone koni yaenda upande gani, apate kutia alama ya chanya na hasi. Spika mbili zikifungwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine huivuta, na sauti nzito hupotea. Mteja hudhani spika ni mbovu, kumbe fundi ndiye aliyekosea.

Hatua ya pili ni sanduku, na hapa ndipo nguvu yetu ilipo. Wengi hudhani sanduku ni pambo. La hasha. Koni ikienda mbele husukuma hewa ya mbele, na wakati huo huo huivuta hewa ya nyuma. Pasipo sanduku, mawimbi hayo mawili hukutana yakafutana, na sauti nzito haipatikani hata kwa spika ya bei kubwa. Sanduku likiwa jembamba hutetemeka. Likiwa na nyufa hupiga miluzi. Likiwa dogo kupita kiasi hukaba sauti. Lakini likijengwa kwa mbao ngumu za unene wa milimita 18 hivi, likatiwa mihimili ndani, likabanwa kwa gundi na skrubu na kuzibwa kila upenyo, spika ya bei ya wastani husikika kuliko ghali iliyowekwa katika sanduku bovu.

Nayo kazi ya sanduku ni kazi ya seremala. Maseremala tunao katika kila mji mdogo wa wilaya hizi. Hutengeneza vitanda, milango na majeneza, na kila mmoja hushindana na jirani yake kwa bidhaa zile zile. Seremala mmoja akishirikiana na fundi redio mmoja, tayari karakana ya spika imezaliwa. Mbao ziwe za miti ya kupandwa, zilizokauka vizuri na kununuliwa kihalali. Mtu asiingie katika msitu wa hifadhi wa Nou kwa jina la ufundi. Na kwa kuwa ubao mbichi hujipinda ukaacha nyufa, subira ya kukausha mbao ni sehemu ya kazi. Baridi na ukungu wa nyanda za juu za Mbulu hulegeza karatasi ya koni, na vumbi la bonde lililo chini ya Mlima Hanang' huingia katika pengo la koili likaikwaruza. Sanduku lililojengwa hapa kwa ajili ya hapa laweza kutiwa kitambaa cha kuzuia vumbi na rangi ya kuzuia unyevu. Mtengenezaji wa ng'ambo hajui habari za ukungu wala vumbi letu. Sisi twazijua.

Wazee watakumbuka kwamba mjini Arusha kilikuwako kiwanda cha Philips kilichounganisha redio. Kazi ilikuwa njema. Lakini katika miaka ya 1980, nchi ilipopungukiwa fedha za kigeni, viwanda vingi nchini vilivyotegemea vipande vya nje vilifanya kazi chini sana ya uwezo wao. Funzo lake kwa karakana ndogo ni wazi: sehemu kubwa ya thamani ya bidhaa yako iwe ni ile unayoifanya mwenyewe. Ukinunua kila kitu na kukaza skrubu tu, wewe ni mchuuzi uliyevaa nguo za fundi.

Twaja sasa katika ukweli wa kipimo. Madukani pamejaa masanduku yaliyoandikwa "wati 1,000" na hata zaidi, nayo huendeshwa na betri ya volti 12. Kila fundi na apige hesabu hii. Amplifaya ya volti 12 isiyokuwa na kipande cha kupandisha umeme haiwezi kuipa spika moja ya omu 4 sauti safi ya zaidi ya wati 18 hivi. Zilizobaki ni wino. Watu wetu wamezoea kudanganywa hivyo, na fundi wa nyumbani atavutwa kuandika uongo mkubwa zaidi ili asishindwe sokoni. Asifanye hivyo. Muuzaji wa mbali akidanganya huwa hayupo spika inapoungua, lakini fundi wa Endasak au wa Haydom atakutana na mteja wake kisimani, mnadani na mazikoni.

Tena wati peke yake si sauti. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, nayo masikio huona tofauti ndogo. Ili watu wahisi sauti imekuwa mara mbili, yatakiwa nguvu ya mara 10 hivi. Na uwanjani kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Basi spika inayotumia umeme kidogo na kutoa sauti kubwa ndiyo inayofaa kijiji cha umeme wa jua. Spika yenye desibeli 96 kwa wati moja, umbali wa mita moja, hufanya kwa wati 10 kazi ambayo yenye desibeli 86 huifanya kwa wati 100. Hiyo ndiyo sababu spika ya pembe, yenye mdomo uliopanuka, husikika mbali kwa nguvu ndogo, ingawa haifai kwa sauti nzito za muziki. Fundi akimweleza mteja mambo haya kwa lugha nyepesi, hatakuwa na haja ya kuandika uongo.

Jambo lingine ni hesabu ya bei. Karakana nyingi hufa zikiwa na wateja wengi, kwa sababu mwenyewe hajui sanduku moja lamgharimu nini. Tutoe mfano tu. Tuseme mbao ni shilingi 30,000, spika yenyewe 45,000, gundi, skrubu na kitambaa 10,000, na usafiri 5,000. Hizo ni 90,000. Fundi huuza kwa 100,000 akadhani amepata faida ya 10,000. Lakini amefanya kazi siku mbili. Ujira wa siku ukiwa 10,000, gharama imefika 110,000. Bado kodi ya chumba na uchakavu wa msumeno, tuseme 5,000, na akiba ya kutengeneza bure spika itakayorudi na hitilafu, tuseme 10,000. Gharama ya kweli ni 125,000. Anayeuza kwa 100,000 anamlipa mteja 25,000 ili amchukulie mali yake. Jasho la fundi si maji ya mvua. Lina bei, na wa kwanza kuikumbuka bei hiyo awe fundi mwenyewe.

Mtaji nao una njia zake. Sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mafundi chenye daftari la mauzo na vipimo kitakuwa na hoja nzito zaidi ya kikundi chenye katiba na muhuri tu. Kwa mafunzo, vipo vyuo vya VETA, na kwa ushauri wa viwanda vidogo lipo shirika la SIDO lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo hasa. Lakini twawaonya vijana wasianze na mkopo. Waanze na spika mbovu tatu, wazifufue, wauze, kisha waende kukopa wakiwa na kitu cha kuonyesha. Mkopo ni mbolea. Haufai kitu pasipo na mbegu.

Wala kikundi kisiwe cha wanaume peke yao. Kusokota koili ya waya mwembamba kama unywele, kupanga mizunguko bila kupandana na kuunga koni bila kuipinda ni kazi ya macho na vidole vyepesi. Mwenye kusuka ukili au kushona shanga yuko karibu na ufundi huu kuliko mwenye misuli mikubwa. Naye mlemavu wa miguu aketipo mbele ya meza ya kazi hana upungufu wowote.

Sasa twageukia sisi wenyewe, wanachama na wafanyakazi. Nani hukodi spika kuliko sisi? Mikutano yetu, sikukuu za wafanyakazi, mahafali ya shule na harambee zetu zote zahitaji sauti. Mara ngapi tumeleta vyombo kutoka Babati au Arusha, tukalipa kodi na mafuta ya gari, kisha jukwaani tukahubiri ajira kwa vijana wakati fundi kijana amesimama uwanjani akitazama spika ya mgeni? Neno hilo halipendezi kusikia, lakini ni la haki. Soko la kwanza la karakana hizi liwe tawi, shule, ushirika na kanisa la jirani. Hatusemi tununue kibovu kwa sababu ni cha ndugu yetu. Twasema tumpe fundi wetu nafasi ya kushindanishwa, tusikilize kwa masikio yetu, na tumlipe siku tuliyoahidi. Fundi mdogo huuawa na deni la mteja mkubwa.

Yapo pia manufaa yasiyohesabika kwa shilingi. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang' vikazifunika nyumba za Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba spika ingezuia msiba ule. Mlima hausikii amri. Lakini kijiji chenye pembe ya sauti juu ya ofisi yake, yenye betri inayochajiwa na jua, na chenye fundi wa kuitunza, chaweza kupiga mbiu simu zinapokosa mtandao: mvua imezidi, mto umefurika, ondokeni. Na chaweza kupiga mbiu hiyo kwa Kiswahili, kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga, ili bibi kizee asiyejua lugha ya mjini aelewe mara moja. Hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kuwa na mafundi wilayani.

Na kwa kuwa tumesifu sauti, tusisahau masikio. Kanuni za mwaka 2015 zimeweka mipaka ya kelele, na ni wajibu wa mwuza spika kumwambia mnunuzi wake. Mgonjwa hospitalini na mtoto anayesoma usiku nao ni wananchi. Spika nzuri ni ile inayosema wazi kwa kiasi. Inayotikisa mabati ya jirani mpaka alfajiri ni adui wa biashara, maana italeta chuki juu ya mafundi wote.

Basi, ndugu zetu wa Mbulu na Hanang', kazi yenyewe ni hiyo. Mbao zipo, maseremala wapo, spika mbovu zimejaa nyuma ya maduka, na wateja tunakutana nao kila Jumapili na kila siku ya mnada. Kinachotakiwa ni watu wawili au watatu wanaoaminiana, meza moja, daftari moja, na azma ya kutoandika juu ya sanduku kipimo wasichoweza kukithibitisha. Watakaoanza leo watakosea sanduku la kwanza, na la pili litapiga mluzi. La tatu litasimama mbele ya kwaya, na watu watauliza limetoka wapi. Siku hiyo fundi ajibu bila haya kwamba limetoka hapa hapa.

Shime, mafundi. Na sisi wanunuzi tusiwaangushe.